Matairi ya Bwana Wetherall

Glenys Trethewey hakuwa mwanamke wa kuficha dharau yake. Kwa miaka thelathini na minne alizunguka bonde la Huon na pikapu yake yenye mashine ya upepo mgongoni, akibandua matairi ya matrekta kwenye rimu na kupachika mengine, na watu wote aliowaheshimu katika muda huo wangekaa kwenye benchi moja wakabakiza nafasi ya mbwa. Wakulima wa zamani wa matofaa aliwadharau kwa ubahili wao. Vijana aliwadharau kwa kucha zao safi. Lakini dharau iliyokomaa hasa aliwawekea wale waliouza nyumba zao Sydney na Melbourne wakaja Tasmania kununua kilima, alpaka wanne na trekta dogo la rangi ya kupendeza.

"Wananunua trekta kama mtu anunuavyo kofia," alikuwa akisema.

Na katika hao wote, hakuna aliyemchefua kama Piers Wetherall. Huyu alikuwa mshauri wa makampuni aliyestaafu; aliyashauri nini, hakuna pale bondeni aliyewahi kuelewa. Alikuwa na ekari kumi na mbili za mteremko mkali, na jina la shamba alilichonga kwenye ubao kabla hajapanda hata kitunguu. Mkewe, Imogen, alikuwa daktari wa meno mstaafu, mwanamke mfupi, mkimya, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake.

Jumanne moja ya Oktoba, mvua zikiwa zimeinua majani hadi magotini, Piers alipiga simu.

"Trekta linateleza kidogo. Nadhani ni suala la upepo tu."

Glenys alipofika alikuta matairi yanang'aa kama viatu vya harusi. Piers alikuwa ameyapaka dawa ya kung'arisha. Aliinama, akapitisha kiganja juu ya tairi la nyuma. Kipara kitupu. Kashata, yale meno ya mpira yanayoshika ardhi, zilikuwa zimeisha kabisa, na mahali zilipokuwa pamechorwa mistari ya mshazari, mingine mirefu, mingine mifupi, kama ya mtoto aliyepewa kalamu.

"Hii ni nini?"

"Ah, umeiona!" Piers alifurahi. "Nimechonga kashata mpya mwenyewe. Kwa kisu cha moto. Kuna video inaeleza vizuri sana."

"Umechonga kashata kwenye tairi lililoisha."

"Ndiyo."

"Umechukua kitu chembamba, ukakifanya chembamba zaidi." Alichomeka ukucha ndani ya mstari mmoja. Nyuzi nyeupe za tairi zilikuwa zikichungulia. "Hii siyo kashata, Piers. Huu ni utumbo wa tairi."

Kisha akatazama mbele. Matairi ya mbele yalikuwa mapya, lakini makubwa kuliko yanayotakiwa. Piers aliyaagiza mwenyewe kwa sababu, alisema, yalilipa trekta sura ya kiume.

"Trekta hili magurudumu yote manne yanavuta kwa pamoja," Glenys alisema polepole, kama anayezungumza na kuku. "Ya mbele na ya nyuma yamepimwa yaende sawa. Ukiweka makubwa mbele, yanataka kukimbia na ya nyuma yanaburutwa. Kwenye mteremko yatakuangusha. Kwenye tambarare yatakuvunjia gia."

"Nimepiga hesabu. Tofauti ni asilimia sita tu."

"Sita tu? Kaziambie gia hivyo hivyo."

"Glenys, nimeongoza watu mia mbili."

"Nawapa pole wote."

Piers alitabasamu kwa subira ya mtu aliyezoea wafanyakazi wagumu. Akamwomba ajaze upepo tu, mengine atayashughulikia mwenyewe.

"Mimi sijazi upepo maiti," alisema Glenys, akakusanya spana zake.

Imogen alimsindikiza hadi getini. Alisimama pale ameshika komeo, akauliza kwa sauti ndogo, "Ni hatari kweli? Akiniambia nikate majani kule chini karibu na lambo, nikatae?"

Lilikuwa swali la maana, na lilistahili jibu la maana. Lakini Glenys alikuwa bado anachemka.

"Muulize mumeo," alisema. "Ana video."

Akaondoka akiwa ameridhika na nafsi yake.

Alhamisi saa nne asubuhi Imogen alipiga simu, Glenys akiwa anakunywa chai.

"Glenys? Trekta liko ndani ya lambo. Piers yuko juu yake."

"Mzima?"

"Anaongea."

"Basi mzima. Nakuja."

Barabarani, akikata kona kwa mwendo ambao angemtukania mtu mwingine, alimkumbuka baba yake. Mzee Alf alikuwa hodari wa kuwacheka watu wanaonunua matairi. Tairi lake likipasuka alilishindilia nyasi kavu, akafunga, akaendelea na kazi. Asubuhi moja yenye ukungu Glenys, msichana wa miaka kumi na tisa, aliona tairi la nyuma limelala upande, akalichoka lile bishano kabla halijaanza. "Nenda basi, mjuaji," alimwambia. Trekta lilibingirika mara moja tu. Mzee alikaa miaka tisa kwenye kiti karibu na dirisha, akiwatukana wapita njia, na hakuna hata siku moja alipokubali kwamba kosa ni la nyasi. Glenys naye hakuwahi kumwambia mtu yale maneno aliyosema.

Trekta la Piers lilikuwa limezamisha pua. Chuma cha kinga juu ya kiti na mkanda vilikuwa vimemwokoa. Alikaa kwenye kiti chake maji yakimfika kiunoni, mguu umenaswa chini ya kanyagio, midomo ya buluu. Imogen alikuwa ndani ya maji hadi kifuani, kamba iliyofungwa kwenye trekta ameizungusha kwenye nguzo ya uzio na mwisho wake ameushika mwenyewe, kwa sababu trekta lilikuwa bado linashuka, kidogo kidogo.

Glenys alirudisha pikapu nyuma, akafunga waya wa winchi yake ya kuvutia kwenye ndoano ya nyuma ya trekta, akakaza hadi likasimama. Kisha akashika chuma chake cha kubandulia matairi, akaingia majini. Baridi ilimkata pumzi.

"Tatizo," Piers alisema huku meno yakigongana, "lilikuwa pembe ya mteremko. Ukichukua—"

"Nyamaza."

"Nilikuwa naeleza tu kwamba—"

"Piers," alisema Imogen kutoka kwenye kamba, "miaka thelathini nimewaambia watu wafungue midomo. Wewe funga."

Akafunga. Glenys alipapasa chini ya tope, akaingiza chuma kati ya kanyagio na buti, akakandamiza kwa uzito wake wote. Mguu ukatoka, buti likabaki. Wakamvuta nje wakimshika makwapa, wanawake wawili wa miaka sitini na kitu, naye akipiga ukelele kila kifundo cha mguu kilipogusa ardhi. Ulikuwa umevunjika pabaya.

Gari la wagonjwa lilipoondoka, Imogen alikamua sweta yake.

"Leta matairi manne," alisema. "Yanayotakiwa. Na unifundishe kuyafunga."

Juma lililofuata Glenys alileta matairi, akitarajia kumwona Imogen anaharibu. Hakuharibu. Alipaka maji ya sabuni ukingoni, akaingiza chuma, hakulazimisha. Alitikisa kidogo, akasikiliza, akazungusha kifundo cha mkono. Tairi la zamani likaachia rimu kwa mlio mmoja.

"Umejifunzia wapi hiyo?"

"Kung'oa gego la chini. Ni hivyo hivyo, ila tairi haliumi."

Glenys alicheka bila kukusudia. Barazani Piers, mguu umefungwa plasta, alikuwa akipaza sauti kuwaelekeza waanze na la kushoto. Hawakugeuka.

Walipofika kwenye tairi la tatu Glenys alisema, akiangalia nati, "Siku ile getini ilifaa nikujibu."

"Ndiyo," alisema Imogen. "Ilifaa." Aliendelea kupaka sabuni. "Nilikuuliza kwa sababu nilijua wewe unajua. Yeye anapenda kuwa sahihi, na wewe pia. Tofauti ni kwamba wewe kweli uko sahihi, halafu unaondoka na ukweli wako."

Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia Glenys Trethewey neno kama hilo tangu baba yake afe. Alitafuta jibu la kumchoma nalo, na alikuwa nayo mengi. Akachukua spana, akakaza nati, na uso ulimwaka moto hadi walipomaliza.

Matairi mapya yakishafanya kazi saa chache, nati hulegea, zinatakiwa kukazwa tena. Kwa kawaida aliwaambia wateja hilo mara moja, na asiyesikia shauri yake. Safari hii alirudi mwenyewe Jumatatu, bila kuitwa. Imogen alikuwa kilimani anakata majani, trekta likishika ardhi vizuri. Piers alichechemea hadi kwenye pikapu kumweleza kwamba nati hukazwa kwa kufuata mzunguko, moja baada ya jirani yake.

"Mjinga wewe," alisema Glenys. "Unavuka upande wa pili, kama nyota. Ukifuata mzunguko rimu inakaa upande." Akafungua mlango wa pikapu, akashuka. "Njoo hapa, nikuoneshe kwa nini."