Jumapili ya Kuthibitisha Chuo

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Ile Jumapili binti yangu alipoita kutoka sebuleni, "Mama, imeganda tena," nilikuwa nimeshapandisha kabla sijafika mlangoni.

Tulikuwa tunaishi Endagikot kwa mama mkwe wangu. Mimi si mzaliwa wa huku. Nilipangiwa ualimu Mbulu, nikaolewa, nikazoea baridi. Binti yangu alikuwa amechaguliwa chuo cha uuguzi, na kilichobaki ni kuthibitisha nafasi yake kwenye mtandao. Mwisho ulikuwa siku hiyo, saa kumi jioni. Asiyethibitisha, nafasi inakwenda kwa mwingine. Simu zetu zilikuwa vitochi visivyo na intaneti, na steshenari za mjini Jumapili zinafungwa. Tegemeo lilikuwa kompyuta yangu ya mezani, niliyoinunua ikiwa imeshatumika, na rauta ndogo ya waifai niliyokuwa nimeiweka dirishani, nyuma ya pazia.

Tulianza saa sita, baada ya kanisa. Kila tukifungua ukurasa wa chuo, matangazo yanaibuka: dawa ya kukata tumbo, umejishindia gari, halafu wanawake wenye nguo za kuhesabu. Ukifunga moja yanakuja matatu. Waifai nayo ikawa inakuja na kupotea, kama ilivyokuwa tangu jana yake.

"Umeingia wapi wewe?" nilimfokea. "Mapicha haya hayaji yenyewe!"

"Sijaingia popote, Mama. Haki ya Mungu."

"Usiniapie hapa! Ukikosa chuo, ujilaumu mwenyewe."

Machozi yakamlengalenga. Nilimwona na sikuacha, nikaendelea kusema mpaka koo likakauka.

Saa nane nikampigia mwalimu mwenzangu wa fizikia, aliyekuwa Basotu kwa wazazi wake. Nikamweleza. Akacheka, eti!

"Dada, tovuti zikikuuliza kama unaziruhusu zikutumie taarifa, huwa unajibuje?"

"Nabonyeza Ruhusu. Si zimeuliza kwa adabu?"

"Zote?"

Zote. Kwetu mtu akipiga hodi unasema karibu, kumwacha nje ni ujeuri. Miezi yote ile niliyokuwa natafuta maandalio ya masomo na mitihani ya zamani, kila tovuti iliyobisha niliikaribisha, nikashukuru kwamba sasa itafunguka haraka. Wale wanawake wa nguo za kuhesabu niliwaita mimi, mwalimu wa watu, mwimba kwaya.

Akanielekeza taratibu. Fungua mipangilio, nenda kwenye taarifa, tazama orodha ya ulioruhusu. Mungu wangu, ile orodha! Nilifuta moja moja. Nilipomaliza, ukurasa wa chuo ulikuja peke yake, mweupe, hauna mtu mwingine. Nikataka kupiga vigelegele, ukaganda.

"Hiyo sasa ni waifai," akasema yule mwenzangu. "Rauta iko wapi?"

"Dirishani."

"Umeiona leo kwa macho?"

Nikavuta pazia. Hapakuwa na rauta, palikuwa na waya tu, umeshuka ukutani ukaingia nyuma ya kabati la vyombo. Nikaelewa. Jumamosi jumuiya ilikuja kusali kwetu, na mama mkwe wangu, wageni wakiwa njiani, kila kitu cha thamani hukiingiza kabatini akafunga. Nilichungulia kwenye kioo. Rauta ilikuwa nyuma kabisa, imezibwa na masinia na masufuria, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Ufunguo huwa anaufunga kwenye pindo la khanga, na yeye alikuwa zizini. Saa tisa ilishapita. Nilikimbia, na nilipomfikia nikasimama kwanza nivute pumzi, maana kwa mkwe huendi na mdomo wangu ule.

"Mama, samahani, naomba ufunguo wa kabati."

"Kuna mgeni?"

"Hapana, Mama. Ni kile kidude cha intaneti."

"Kiko salama," akasema. "Ulikataza kisichomolewe. Sikukichomoa."

Alikuwa amenisikiliza neno kwa neno. Akafungua pindo, akanipa ufunguo, akanifuata nyuma.

Niliitoa rauta, ina moto kama kiazi kilichotoka jikoni, nikairudisha dirishani. Tukasubiri iwake vizuri. Binti akaingiza namba ya kuthibitishia aliyotumiwa na chuo kwa ujumbe wa simu, akabonyeza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Halafu: nafasi yako imethibitishwa. Saa kumi kasoro dakika chache.

Nikakaa sakafuni, nikacheka peke yangu. Mama mkwe alimshika mjukuu wake kichwa kwa mikono miwili, akamshukuru Mungu kwa Kiiraqw, maneno mengi, mengine sikuyapata. Sijawahi kupumua vile tangu nimzae yule mtoto.

Bibi yake alipotoka kurudi kwenye ng'ombe, tukabaki wawili. Binti anaizima kompyuta, hanitazami.

"Mwanangu," nikasema, "yale matangazo niliyaleta mimi. Nisamehe."

Akageuka haraka, kana kwamba amesikia mtu mwingine. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na neno hilo hakuwahi kulisikia kutoka kwangu. Zilikuwa zimebaki wiki tatu aondoke.