Nafasi ya Mita Moja na Nusu

Nafasi yangu ya kwanza kazini ilikuwa na upana wa mita moja na nusu. Najua kwa sababu niliipima mwenyewe kwa rula, siku nilipogundua kwamba hiyo ndiyo yote niliyopewa.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasomea takwimu, na asubuhi nilikuwa najitolea katika ofisi ya maji ya mji, kitengo cha malalamiko ya wateja. Nikiulizwa kwa nini najitolea, nilijibu kwamba napenda kuhudumia jamii. Ukweli ni kwamba ofisi ile ilikuwa na feni inayofanya kazi, na nyumbani feni hatukuwa nayo. Meza yangu ilikuwa nyuma ya mlango. Mlango ukifunguliwa kwa nguvu, kitasa kilinigonga bega la kushoto. Mbele yangu lilisimama kabati la chuma lililojaa mafaili ya wateja ambao nadhani walishahama mji, na magoti yangu yalilijua kabati lile kwa karibu sana.

Kazi yenyewe haikuhitaji chuo. Mteja anakuja, namsikiliza, naandika lalamiko lake kwenye kikaratasi, kisha nachora kistari katika daftari chini ya moja ya safu nne: Hakuna Maji, Bomba Limepasuka, Mita, na Mengineyo. Pale kwenye Mengineyo ndipo nilipohamia na mizigo yangu yote. Mteja akianza maelezo marefu, kwamba maji yanatoka lakini yana rangi, au bomba linapiga mluzi, mimi ninayesomea elimu ya kupanga mambo katika makundi yake nilikuwa naona uvivu kufikiri. Nachora kistari kwenye Mengineyo, nakitupa kikaratasi kwenye boksi chini ya meza, namwambia mteja tutalishughulikia, narudi kwenye feni yangu.

Kisha chuo kikatangaza: kila mwanafunzi atafute mafunzo kwa vitendo ya wiki nane, na fomu iliyosainiwa na kugongwa muhuri irudi kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi jioni. Asiyeirudisha anarudia mwaka. Niliandika barua kumi na moja. Tisa hazikujibiwa. Moja nilijibiwa na mlinzi, getini. Ya mwisho ilitoka benki, nao walinishukuru kwa adabu sana kwa mapenzi niliyo nayo kwa hospitali yao, maana nilikuwa nimenakili barua ya hospitali nikasahau kubadilisha. Haikunijia hata siku moja kwamba ofisi niliyokaa ndani yake miezi saba nayo ni ofisi. Kaka yangu ndiye aliyenizindua, huku anapiga pasi shati lake na wala haniangalii. Alisema, "Wewe unatafuta miwani, na umeivaa."

Mkuu wa kitengo chetu tulimwita Mama Muhuri, kwa kuwa muhuri wa ofisi aliuweka kwenye mkoba wake, mfuko wa ndani wenye zipu, pamoja na peremende za kikohozi. Hakuwa mkali. Alikuwa na shughuli nyingi tu, na mimi mbele ya watu wenye shughuli huwa naingiwa na ububu. Jumatatu ya wiki ile ya mwisho nilifanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo cha chooni. Ilikuwa na utangulizi, kiini na hitimisho. Nilipofika mezani kwake vyote vitatu vikayeyuka, nikabaki na haya: "Shikamoo, mama. Samahani, nilikuwa naomba nafasi, kama ipo."

Alinitazama, akaitazama meza yangu nyuma ya mlango, kisha akalitazama kabati.

"Kweli mwanangu, tumekuonea," akasema. "Kesho asubuhi utaipata."

Nilitoka pale miguu haigusi sakafu. Fomu sikuitaja. Nilijiambia fomu ni jambo dogo, itafuata.

Mama yangu ni fundi cherehani, na habari ikiingia kwenye kibanda chake cha kushonea hutoka imeshavalishwa nguo mpya. Nilimwambia nimepata nafasi. Kabla jua halijazama, mama mkubwa alikuwa anajua, shangazi wawili walikuwa wanajua, na baba mdogo alikuwa amepiga simu kuniita mheshimiwa.

Jumanne nilivaa viatu vya kisigino ambavyo nilikuwa nimevivaa mara moja tu, harusini. Nikafungua mlango. Kabati halikuwepo. Mtunza stoo, mzee mnene mwenye haya kidogo, alikuwa ameegemea ukuta anahema.

"Haya, binti, nafasi yako hiyo," akasema. "Limenimaliza mgongo."

Mtu mwenye akili timamu angecheka, akarudi kwa Mama Muhuri na kusema samahani, sikumaanisha hivyo. Ni suala la nusu dakika. Mimi nikasema asante, nikaketi, nikanyoosha miguu. Mama Muhuri alipopita akaniuliza kama sasa naona raha, nikamjibu naona raha sana. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi wangu niliuficha, nikaukalia.

Na nyumbani ningesema nini? Uongo sikuwa nimesema, nafasi nilikuwa nimeipata. Mama alipouliza ikoje, nikamwambia ni kubwa kuliko nilivyotegemea. Alikuwa anashona sketi wakati namjibu, na sketi yenyewe ilikuwa yangu, ya kuvaa kazini. Niliona aibu ya kweli.

Alhamisi Mama Muhuri akaja na daftari langu. Katika miezi mitatu tulikuwa tumepokea malalamiko mia tatu na arobaini, na kati ya hayo mia mbili na kumi na mawili yalikuwa Mengineyo. Mkurugenzi alikuwa ameuliza.

"Huyu Mengineyo ni nani?" akaniuliza. "Ni mtaa?"

Nilimwambia kweli. Nilisema si mtaa, ni uvivu, na ni wangu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mama yule neno lililonyooka. Hakunifokea. Alisema tu kwamba mkurugenzi anataka maelezo kesho saa nne asubuhi, akaniachia daftari.

Nikalitoa boksi chini ya meza. Nikavua viatu, nikaketi sakafuni pale kabati lilipokuwa, na kwa mara ya kwanza nikavisoma vile vikaratasi kama mtu anayetaka kujua vinasema nini. Nilivitandaza, nikavipanga kwa mitaa, vikajaa mpaka ukutani. Kufikia alasiri vikaratasi tisini na saba vilikuwa kwenye fungu moja. Vilitoka mitaa miwili iliyo nyuma ya shule, na vyote vilisema kitu kimoja: asubuhi maji ni ya kahawia, yakitiririka kwa muda wa saa mbili hivi yanatakata. Hayakuwa matatizo tisini na saba. Lilikuwa tatizo moja, bomba moja kuukuu linaloliwa na kutu, nami nilikuwa nimelichorea vistari miezi mitatu. Sikujiona hodari. Nilijiona mjinga aliyejikusanyia ushahidi mwenyewe.

Mama Muhuri alisimama mlangoni akiangalia sakafu. Kisha akaniambia niyaandike yote hayo vizuri, apeleke. Fomu ilikuwa kwenye mkoba wangu, hatua mbili tu. Nikaandika maelezo, nikampa, nikamtakia jioni njema.

Ijumaa, kabla ya adhuhuri, mafundi walikuwa wameshakwenda kuchimba nyuma ya shule. Mimi nilipita mbele ya meza ya Mama Muhuri mara sita, kila safari nikichukua klipu ya karatasi. Saa tisa alasiri nilikuwa na klipu sita na fomu isiyo na muhuri, na maji yamenifika shingoni. Ndipo mlango ukafunguka, kitasa kikanigonga bega, akaingia mama yangu mzazi. Alikuwa amevaa gauni lake la wageni, mkononi ameshika mto wa kiti alioushona mwenyewe, wenye marinda pembeni.

Alimsalimu Mama Muhuri, akampa mto ule kwa mikono miwili.

"Nimekuja kushukuru, dada. Kwa nafasi uliyompa mwanangu."

"Si neno, dada yangu," Mama Muhuri akajibu. "Lilikuwa kabati tu."

Mama akanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini ilikuwa imejaa vikaratasi. Alikuwa bado anatabasamu, anasubiri nimweleze mzaha huo, na tabasamu lile ndilo lililonishinda. Nikafungua mkoba, nikatoa fomu.

"Nafasi niliyokuwa naomba ni hii, mama," nikamwambia Mama Muhuri. "Mwisho wake leo saa kumi."

Aliisoma yote. "Miezi saba uko hapa. Kwa nini hukusema?"

"Nilisema."

"Ulisema nafasi."

"Ndiyo."

Kutoka koridoni sauti ya mtunza stoo ikauliza, polepole, na mgongo wake je.

Mama Muhuri alifungua zipu. Alijaza tarehe, akajaza wiki nane, akaandika kwamba mwanafunzi atayapanga upya malalamiko mia moja na kumi na matano yaliyobaki, na mapya yote yatakayokuja. Alipofika kwenye mstari unaosema "Nafasi aliyopewa mwanafunzi", kalamu ikasimama. Akaangalia sakafu. Kisha akaandika neno moja, Mengineyo, akasaini, akagonga muhuri.

Mama yangu aliivuta fomu karibu, akalifuata neno lile kwa kidole.

"Hicho ni cheo kikubwa?"

"Kikubwa, dada," Mama Muhuri akamjibu, akiurudisha muhuri kwenye peremende zake. "Ofisi hii karibu yote iko chini yake."

Nilifika chuoni saa kumi kasoro dakika tano, viatu mkononi. Niliporudi nyumbani baba mdogo alikuwa ameshapiga simu mara mbili, anamtafuta Mheshimiwa Mengineyo.