Motokaa Iliyong'arishwa kwa Mafuta ya Nazi

Nichekeni, nimestahili. Juzi jirani yangu hapa Likoni, Mzee Katana, aliniomba motokaa yangu impeleke binti yake kanisani kuolewa. Fundi wa rangi akataka kuing'arisha.

“Wacha wee!” nikamwambia. “Nywele za mke wangu zinang'aa kwa mafuta ya nazi, sembuse bati?”

Nikaipaka mwenyewe, ikametameta. Njiani vumbi jekundu lote likaganda juu yake. Kanisani nikaegemea mlango mmoja kwa maringo, huku bibi harusi akishukia mlango wa pili. Gauni lake jeupe likatoka na doa jekundu kiunoni.

Nikawahi kufoka, “Nani amemchafua mwana wa watu?”

Mzee Katana alinigeuza taratibu, akawaonyesha waalikwa makalio ya suruali yangu nyeupe.