Mume Wangu Anataka Nile Sahani Mbele ya Wazee

Admin, jina langu lisionekane popote. Garsen ni mji mdogo, na mama mkwe wangu ana wajukuu wenye simu.

Nina miaka thelathini na sita na watoto watatu. Kwetu ni Kilelengwani, nimeolewa kijiji cha Wema, lakini mimi na mume wangu tunaishi Garsen mjini, nina cherehani yangu, nashona nguo za kina mama. Unene ulinianza baada ya mtoto wa pili na sikuwahi kuuona kama shida. Mume wangu mwenyewe alikuwa akinisifia mbele ya rafiki zake.

Kilichonibadilisha ni mafuriko. Maji yalikuwa yamekata barabara ya Wema na sisi tulikuwa tunakwenda kumzika shangazi wa mume wangu. Tulipofika pa kuvukia, mtumbwi ukajaa. Mwenye mtumbwi akanitazama, akasema mama huyu ashuke, hapo alipokaa wataenea wawili. Watu wakacheka. Watu ningewavumilia. Lakini mume wangu naye alicheka, tena akabaki amekaa vilevile, akaniambia nitakuja na safari inayofuata. Nikasimama kwenye matope na sufuria ya wali wa matanga, namwangalia anavyokwenda. Nilipovuka walikuwa wameshamaliza kuzika.

Sikulia. Tuliporudi Garsen nikampigia binamu yangu wa Mombasa ambaye alikuwa amepungua sana, akaniingiza kwenye kundi la WhatsApp la kina mama wanaofunga. Si kufunga kwa dini. Asubuhi ni maji au chai ya rangi isiyo na sukari, unakula mchana, jua likizama umemaliza. Halafu siku moja kila wiki ni ya kusafisha tumbo: maji, ndimu na tangawizi, basi. Jirani yangu Mwislamu, anayeuza mahamri, akaniuliza, "Ramadhani ilishapita, wewe unafunga ya nani?" Nikamwambia nafunga ya kwangu. Akacheka, lakini tangu siku hiyo mahamri yangu huniwekea mpaka mchana.

Mwanzoni niliteseka. Kichwa kiliuma, nikawa mkali kwa watoto na wateja. Baadaye mwili ukakubali. Magoti yakaacha kuuma. Nikaanza kubana magauni yangu kwa cherehani yangu mwenyewe, na sijawahi kushona kitu kwa furaha kama ile.

Maneno nayo yakaanza. Wale waliokuwa wakinicheka unene sasa wakasema nina ugonjwa, ninaficha. Wengine wakamuuliza mume wangu kama siku hizi kwake hakupikwi. Akaja nyumbani akaniambia ninamwaibisha. Yeye, aliyeniacha kwenye matope, ndiye anayeaibika.

Kisha mama mkwe akaja kutoka Wema bila kutuarifu, amebeba mchele mpya wa shambani kwake na samaki. Ikawa ndiyo siku yangu ya maji. Nilimpikia vizuri, nikamnawisha mikono, nikamwekea chakula, nikakaa naye na glasi yangu. Akauliza changu kiko wapi. Nikamweleza kwa heshima kwamba leo sili. Akasukuma sahani. "Mpunga huu nimeulima mimi, kwa mgongo huu unaouona," akasema. "Ukiukataa, umenikataa mimi."

Yaliniuma, kwa sababu mama huyu amenisaidia kulea watoto wangu wote na sina ubaya naye. Nikamwomba alale kwetu, kesho mchana tule pamoja. Alikuwa anaelekea kulainika. Lakini mume wangu akachukua kijiko, akakijaza wali, akakileta mdomoni mwangu mbele ya watoto. "Kula," akasema. Nikafumba mdomo. Wali ukanimwagikia kifuani. Nikamwambia, "Mdomo ni wangu," nikainuka kwenda kubadilisha nguo.

Mama aliondoka siku ileile, hakuonja kitu. Sasa mume wangu ameitisha kikao cha wazee wa ukoo huko Wema. Anataka niombe radhi, nipewe sahani, niimalize mbele yao. Nikikataa nirudi kwetu Kilelengwani.

Na kuna jambo ambalo wao hawalijui. Juzi, siku ya maji, nilizirai kwenye cherehani. Jirani akanipeleka kituo cha afya. Nesi alinipima, akasema kupungua kumenifaa, presha imeshuka, na kwa hali yangu haoni ubaya nikiendelea kula kuanzia mchana. Lakini siku za maji matupu niziache, mwili unajisafisha wenyewe. Nilimsikiliza, nikayapima maneno yake, nikaziacha. Nimeziacha mimi, kwa akili yangu. Nyumbani sijasema, maana najua mume wangu atapiga simu Wema kutangaza kwamba ameshinda.

Mama nitamwomba radhi kwa siku ile, hilo halinishindi. Nitakwenda mwenyewe, mchana, nipike mchele wake tule wawili. Ila sahani ya kulishwa mbele ya wazee kama mtoto aliyekosea, hiyo siigusi hata ikiungwa kwa nazi.

Sasa ninyi mlioolewa, hasa mnaoishi mbali na kwenu, nisaidieni mawazo. Niende kikaoni niwaambie siku za maji nimeacha, yaishe, ingawa wataamini ni wao walioniachisha? Au nisiende kabisa, nipakie cherehani na watoto nirudi Kilelengwani?

Anayetaka kuniambia nile tu kwa sababu ndoa ni kuvumilia, apite. Kupungua nitaendelea. Ninachowauliza ni nipungulie wapi.