Nilidhani Mzee Athumani Atazikwa Jumamosi

Leo nimemuuliza mtu mwili wa babake uko mochari gani, kumbe ametoka kumzika.

Asubuhi nikielekea kazini Changamwe nilikuta wanaume wamejaa barazani kwa jirani. Mzee Athumani amefariki alfajiri.

Nikasema poleni, nikapita.

Msinitazame hivyo! Kwetu Vihiga mtu akifa kuna vikao wiki nzima, ndipo tuzike Jumamosi. Ndiyo, nilisikia Waislamu huzika haraka. Nikadhani haraka ni kesho kutwa.

Jioni nimerudi nyumbani Junda, nikamwendea mwanawe Omari pale pale barazani. Kwa heshima zangu zote nikauliza, "Mzee mmempeleka mochari gani? Nataka niombe ruhusa kazini mapema."



"Tumemzika baada ya adhuhuri, ndugu yangu," Omari akasema taratibu. "Mama alituomba tukungoje kidogo. Alidhani umekwenda kuomba hiyo ruhusa, urudi umbebe mzee pamoja nasi."

Hakukasirika. Afadhali angenitukana.

Nyinyi mliotangulia kuhamia Mombasa, hakuna hata mmoja aliyeona aniambie? Miezi minane niko huku!

Siku nilipohamia sikumjua mtu. Huyo mzee ndiye aliyetoka, bila kuitwa, akashika upande mmoja wa godoro langu kutoka barabarani hadi mlangoni.

Ndilo nimelikalia sasa hivi nikiandika.

Yeye amebebwa leo, na mimi nilikuwa kazini.