Mahindi ya Mama na Mvua ya Saa Sita

Leo nusura mama anifukuze hapa Kitale.

Simu ilisema mvua itanyesha saa sita. Mahindi yetu yote yalikuwa nje kwenye turubai, bado yana unyevu.

"Si uanue hiyo mahindi!" mama akasema.

Nikakataa. Kazi yangu ni kuchunguza utabiri wa kompyuta, na hizo kompyuta hutabiri mvua mapema kuliko inavyonyesha. Huku kwetu hunyesha jioni. Na tukiyaweka ndani na unyevu hivyo, yataoza.

Saa saba wingu jeusi likafunika Mlima Elgon. Majirani wakaanua. Mama akaanza kukusanya magunia.

Nikabaki naangalia mlima tu, bana.

Jua likarudi. Tulipoingiza gunia la mwisho jioni, matone yakaanza.

Mama akauma punje. Kavu kabisa.

"Kesho utaangalia mawingu peke yako. Mimi roho yangu haiwezi."

Nyinyi wa Bungoma, kwenu imenyesha saa ngapi?