Gitaa la Baba Mdogo Lilivyosikika Kihesa

Nta ya nyuki ikiyeyuka juu ya makaa hutoa harufu ya asali iliyoungua kidogo, na mwaka ule, miaka ya hamsini ikielekea mwisho, nyumba yetu ya Iyunga ilinukia hivyo wiki nzima. Baba mdogo Ambakisye, fundi redio na mpiga gitaa wa ukoo wetu, alikuwa anafunga kinasa sauti ndani ya gitaa lake la mbao. Kinasa chenyewe kilikuwa kisikilizio cha simu kuukuu ya jeshi, alichokipata kwenye mafungu ya vyuma sokoni Mbalizi. "Kama kinaweza kugeuza umeme kuwa sauti," alinieleza, "kwa nini kisigeuze sauti kuwa umeme?" Alikichomelea waya mrefu kwa risasi, akaupitisha kwenye tundu dogo alilotoboa ubavuni mwa gitaa, kisha akakibandika kwa nta upande wa ndani wa ubao wa mbele, chini ya pale nyuzi zinapofungwa. Ncha ya pili ya waya aliichomeka nyuma ya redio ya betri, mahali pa kuunganishia gramafoni. Alipogusa uzi mmoja tu, kuku walitawanyika uani.

Haraka yote ile ilikuwa kwa ajili ya dada yake, Shangazi Atupele, aliyekuwa anaolewa Kihesa, Iringa. Kwa desturi ya ukoo wa bwana harusi, mama mkwe hukaa ndani mlango umefungwa, na hafungui mpaka asikie wimbo wa watu wa bibi harusi wakija. Nao wenyeji wana ruhusa ya kuuzima wimbo huo kwa kelele zao. Hawa walikuwa na tarumbeta sita na ngoma kubwa. Sisi tungesafiri watu kumi na mmoja. Shangazi alikuwa amesikia habari za bibi harusi mmoja aliyesimama nje hadi jua likazama, akabaki anaitwa asiye na kwao. "Nikiitwa hivyo," aliniambia akinisuka nywele, "nitaitwa hivyo mpaka siku ya kuzikwa." Nilikuwa na miaka tisa, na tayari nilikuwa mtoto wa kufikiria jambo mpaka linichoshe. Nilimwuliza baba mdogo nta ile ikipata joto itakuwaje. "Joto lipi, mama? Hapa watu wanaingia kanisani na makoti." Wote wakacheka.

Kwetu milimani jua ni kitu cha kuanikia nguo, basi. Ndiyo maana hakuna aliyeona ubaya gitaa lilipofungwa juu kabisa ya mizigo ya lori, lisije likabanwa. Tuliposhuka kwenye uwanda wa Usangu, vyuma vya lori havikushikika kwa mkono, na watoto wachanga walivuliwa sweta zote. Tulifika Kihesa Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi baba mdogo alipolichukua gitaa kulijaribu, kitu kiligongagonga tumboni mwake kama mbegu kwenye kibuyu, na redio ilikuwa kimya. Nta ilikuwa imetiririka, kisikilizio kimedondoka. Ndugu mmoja wa bwana harusi, aliyekuwa anapita na tarumbeta yake begani, alisimama kusikiliza. "Shemeji, gitaa lenu limemeza nini? Linakohoa hivi. Hebu linywesheni ulanzi." Baba mdogo alicheka naye, maana utani wa shemeji huwezi kuukunjia uso. Nta nyingine hatukuwa nayo, na hata kama ingepatikana, sasa hakuna aliyeiamini.

Nyuma ya nyumba tuliyofikia kulikuwa na mianzi inayogemwa ulanzi, pombe ya huko. Nilikaa nikiitazama, nikiwaza mambo elfu, na katika hayo elfu moja lilikuwa na maana. Nilirudi kwa baba mdogo. "Kikibandikwa kinadondoka. Kikiegemezwa je? Kama nguzo ya nyumba." Safari hii hakucheka. "Sema tena, polepole." Nikasema. Akakata kipande cha mwanzi mkavu, akalegeza nyuzi, lakini mkono wake haukupita kwenye tundu kubwa la mbele ya gitaa. Wangu ulipita. Kipande cha kwanza kilikuwa kirefu, ubao ukalia, nikakitoa nikiwa na hakika nimelipasua gitaa la watu. Cha pili kikawa kifupi. Nilipima mara tatu kwa bua la nyasi kabla ya kukubali cha tatu kikatwe. Kiliingia kwa kubana kidogo, mguu wake ukikanyaga ubao wa nyuma, kichwa chake kikikandamiza kisikilizio kwenye ubao wa mbele. Baba mdogo alikaza nyuzi, akagusa mmoja. Redio ikanguruma.

Alasiri tuliingia uwanjani kwao, redio na betri yake vikibebwa kwenye ubao na wanaume wawili, tarumbeta zikitupigia masikioni. Baba mdogo alianza. Sauti ilikwaruza, ilikuwa na mchanga ndani yake, lakini ilipita katikati ya zile tarumbeta na kwenda moja kwa moja mlangoni. Tukaimba juu yake, watu kumi na mmoja kama mia. Tarumbeta moja ilinyamaza, kisha ya pili, na yule shemeji wa asubuhi akashusha yake akabaki ameduwaa. Komeo likalia. Mama mkwe alitoka akipiga vigelegele, akamshika Shangazi mkono.

Sasa nimehitimu chuo kikuu, na magitaa ninayoyaona mjini yanatoka kiwandani na kila kitu ndani yake. Sauti ni safi, wala hakuna anayeingiza mkono. Mimi ni yuleyule: barua ya ukurasa mmoja naisoma mara tano kabla ya kuipeleka posta. Mama mkwe amezeeka, na siku hizi Shangazi ndiye anayekaa nyuma ya mlango. Mwaka jana nilikaa naye akipokewa bibi harusi mwingine, aliyekuja na watu wanne na kingoma kimoja. Tarumbeta zilikuwa zinatikisa bati. Nilitega sikio mpaka shingo ikauma, nisisikie kitu kingine chochote, nikimwogopea msichana nisiyemjua.

"Nimewasikia," Shangazi alisema, akafungua mlango.